Kiwimbi Juu ya O

Saa nne usiku, Võru. Theluji imeziba dirisha la chini
na sauti ya Helve bado inanilia kichwani:
"Leelo, mwanangu, nimeandika jina la kijiji changu
nijue basi la vitabu litafika lini,
nikaambiwa hakipo.
Nimezaliwa hapa. Nimezika wawili hapa.
Nani amekiondoa?"

Nne, sifuri, nne.
Viti viwili na shimo katikati.

Naanza na yale ambayo kila mtu huanza nayo:
nasafisha akiba ya kivinjari, nazima, nawasha,
kama anayepigapiga redio ubavuni.
Hakuna.
Naifungua orodha ya njia, mstari kwa mstari.
Labda njia pana imetangulia
ikaimeza nyembamba iliyo nyuma yake.
Nazibadilisha zamu. Hakuna.
Labda mkwaju mmoja umezidi mwishoni mwa anwani,
mkwaju wa kuandika, si huu wa kutia chachu mchuzi.
Naufuta, naurudisha, naufuta.
Labda herufi kubwa: kompyuta yangu ni pole,
R na r kwake ni ndugu,
lakini seva kule Tallinn haina undugu na mtu.
Naandika zote ndogo.
Nne, sifuri, nne.

Tarmo anapita na kikombe chake kisicho na mkono.
Anabonyeza jina kwenye orodha yake. Linafunguka.
"Kwangu inafanya kazi," anasema.
Sentensi hiyo ingekuwa kuni
tungeota moto hadi Aprili.

Nafungua daftari la seva.
Humo hamna huruma wala hila:
saa, dakika, kilichoombwa, kilichojibiwa.
Misso, imepatikana.
Haanja, imepatikana. Vastseliina, imepatikana.
Rõuge, hapana.
Mõniste, hapana.
Naacha kuyasoma majina, nayatazama tu,
kama mtu anayezitazama sura za watoto
akitafuta aliyevunja kioo.
Waliopotea
wote wamevaa kofia moja.

Õ.

O yetu yenye kiwimbi utosini,
sauti ya nyuma ya koo
ambayo wageni hukabwa nayo.
Tarmo aliyanakili majina kutoka jalada la kale
na humo o ilikuwa o, kiwimbi kilikuwa kiwimbi,
vipande viwili vimekaa karibu karibu
hata jicho likavifungisha ndoa.
Helve, kwa kibodi yake, aliandika herufi moja, nzima.
Tarmo hubonyeza; Helve huandika.
Mimi naona Rõuge na Rõuge.
Seva inahesabu: hapa tano, pale sita.

Haikusema uongo, maskini.
Haikusema kijiji hakipo duniani.
Ilisema: ulichoniuliza, kwa tahajia hii, sikijui.
Sisi ndio tulioandika HAKIPO, kwa rangi nyekundu,
tukamwonyesha mwanamke wa miaka sabini na nane.

Dawa yake ni mstari mmoja tu wa msimbo:
vishone vipande kabla hujauliza.
Naupeleka saa saba kasoro robo, vidole vimekufa ganzi.
Mpotea njia ndiye mjua njia, husemwa;
basi mimi nimeijua moja,
zimebaki mia tatu na kitu.

Kabla ya kuzima taa narudi kwenye ukurasa wa makosa.
Nafuta lile neno jekundu.
Naandika: *Hatujakiona bado. Tupigie,*
na chini yake namba yangu,
ambayo nitaijutia.

Asubuhi inalia. Helve.
Haulizi kosa lilikuwa nini.
"Alhamisi, saa tano na robo," ananisomea polepole,
"mbele ya duka la maziwa.
Na mwambie dereva asikisahau tena
kile kitabu cha nyuki."